Florence Nightingale: Bibi wa Taa na Daftari la Wafu

Mji wa Kisumu ulipata kuitwa Port Florence. Jina hilo lilitokea Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilipogusa ukingo wa ziwa, na msumari wa mwisho ukagongwa na Bibi Florence Preston, mkewe Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa njia hiyo. Msomaji asichanganye majina. Florence wa reli si Florence wa wagonjwa. Huyu wa pili, ambaye habari zake ndizo tunazozisimulia leo, wakati wa msumari ule alikuwa London, ajuza wa miaka 81, macho yameingia giza. Hakupata kuliona ziwa letu wala pwani yetu. Walakini ukitafuta nyayo zake katika Nyanza, utaziona nyingi kuliko za yule aliyeupa mji jina.

Tufike Sondu, soko lililo kando ya mto unaoteremka kutoka misitu ya Mau hadi ziwani, mahali Wajaluo, Wakipsigis na Wakisii wanapokutana kwa biashara. Juu ya soko hilo, katika uwanda wa Nyabondo, iko hospitali ya misheni ya Mtakatifu Yosefu, na pamoja nayo chuo cha wauguzi. Vijana wanaosoma hapo, kama wenzao wa Kisumu na Maseno, hufundishwa mambo mawili ambayo mtu wa nje huyaona madogo. La kwanza ni kumfahamisha mgonjwa maradhi yake na namna ya kujitunza akisharudi kwake. La pili ni kutaka ushahidi wa kila tendo analofanyiwa mgonjwa: limejaribiwa wapi, limepimwa vipi, limewaponya wangapi.

La kwanza huingia moyoni kwa wepesi, kwa kuwa hakuna asiyependa kuitwa mwalimu. La pili huwa zito. Mwanafunzi huona utafiti ni jambo la mtihani, likishapita linasahauliwa. Akifika wodini huikuta kazi ikitendwa vile ilivyotendwa tangu jadi, na anayeuliza sababu huonekana mjuaji asiye na adabu kwa wakubwa wake. Basi hunyamaza, akafuata. Si Nyanza tu. Ndivyo ilivyo Mombasa, ndivyo ilivyo Unguja, na ndivyo ilivyo Ulaya. Kwa sababu hiyo yafaa kuyatazama upya maisha ya bibi huyu, maana sehemu yake iliyo kubwa haisimuliwi. Watu huijua taa yake. Daftari lake hawalijui.

BINTI WA NYUMBA KUBWA

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa safarini, akapewa jina la mji huo. Baba yake, William Nightingale, alikuwa tajiri wa urithi mwenye majumba mawili Uingereza, moja Derbyshire na jingine Hampshire. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akawasomesha binti zake wawili yeye mwenyewe: Kiyunani, Kilatini, historia na falsafa. Florence akataka zaidi ya hayo, akataka hesabu. Mama yake hakuiona maana ya hesabu kwa mwari wa nyumba kubwa, lakini binti alishikilia mpaka akapata.

Mwezi wa Februari 1837, naye hajatimiza miaka 17, alihisi moyoni kuwa Mungu amemwita kwa kazi. Kazi yenyewe hakuijua mara moja. Alipoijua kuwa ni kuwauguza wagonjwa, nyumba ilitikisika. Zama hizo hospitali za Uingereza zilikuwa mahali pa maskini wasio na pa kwenda, na wanawake waliohudumu humo walisifika kwa ulevi na utovu wa haya kuliko kwa huruma. Mwaka 1845 aliomba ruhusa akajifunze katika hospitali ya Salisbury. Wazazi wakakataa katakata.

Hakugombana nao, wala hakuiacha nia yake. Aliamka kabla ya mapambazuko, akawasha mshumaa, akasoma ripoti za serikali juu ya afya ya umma na za hospitali za nchi mbalimbali, akanakili takwimu zake daftarini. Kulipokucha alishuka kwa staftahi kama binti mtiifu. Alipendwa na Richard Monckton Milnes, mshairi na mbunge, aliyemposa kwa miaka. Mwaka 1849 akamkataa, ingawa hakuficha kuwa naye alimpenda. Akasafiri Misri, akapanda Mto Nili, na katika safari hiyo ya kurudi akapita Kaiserswerth, Ujerumani, palipokuwa na chuo cha masista wa Kiprotestanti waliofundishwa uuguzi. Mwaka 1851 alirudi hapo akakaa miezi mitatu. Agosti 1853, akiwa na umri wa miaka 33, alipewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake, mtaa wa Harley, London. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita tangu ule mwito.

USKUDAR

Mwaka ule ule 1853 vita vilizuka baina ya Urusi na Dola ya Uthmaniya. Uingereza na Ufaransa zikaingia mwaka 1854 upande wa Sultani Abdulmajid, na mapigano makali yakawa katika rasi ya Crimea. Majeruhi wa Kiingereza walivushwa Bahari Nyeusi hadi Uskudar, ng'ambo ya Istanbul upande wa Asia, mji ambao wao waliuita Scutari. Hapo palikuwa na kambi kubwa ya askari, Selimiye, iliyoanzishwa na Sultani Selim wa Tatu, nayo serikali ya Uthmaniya iliwapa Waingereza waifanye hospitali.

Habari za gazeti la The Times ziliwashtua Waingereza: askari wao walilala sakafuni katika uchafu, bila bandeji, bila mtu wa kuwapa maji. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki wa Florence, alimwomba aende. Tarehe 21 Oktoba 1854 aliondoka London na wanawake 38, na mwanzoni mwa Novemba wakatia nanga Uskudar. Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Bibi akawaagiza wenzake wasiguse mgonjwa hata mmoja hadi madaktari wenyewe wawaombe. Hawakungoja sana, maana meli za majeruhi zilifuatana kama mchwa.

Alifanya mengi. Alinunua mashati, sahani, sabuni, mataulo na brashi. Akapangisha nyumba ya kufulia nguo. Akasimamisha jiko la chakula cha wagonjwa. Usiku alipita baina ya vitanda na taa mkononi, safu baada ya safu, na magazeti ya London yakachora picha yake. Mwaka 1857 mshairi wa Kimarekani Longfellow akamtungia shairi. Hivyo ndivyo alivyokuwa Bibi wa Taa, na hapo ndipo wasimulizi wengi humwachia.

Sasa tutazame lile lisilosimuliwa. Pamoja na taa, sabuni na jiko, watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855, ukiwa ni mwezi wa nne tangu afike, vifo vilifika karibu 42 katika kila wagonjwa 100. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kipindupindu, kuhara damu na homa za tumbo, waliyoyapata kambini na mengine humo humo hospitalini. Jengo lile zuri lilikaa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba, na maji ya kunywa yalipita penye mizoga.

Machi 1855 serikali ya Uingereza ilituma tume ya usafi, wakiwamo Daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Watu hawa walizibua mifereji, wakazoa uchafu na mizoga, wakatoboa kuta hewa ipite, wakapaka chokaa. Kufika Juni, vifo vilishuka hadi karibu 2 katika kila 100.

DAFTARI LA WAFU

Alirejea kwao Agosti 1856, kwa siri, akijiita Bibi Smith ili kuepa sherehe. Alikuwa dhaifu kwa homa iliyompata Crimea mwaka 1855, ambayo matabibu wa siku zetu hudhani ilikuwa homa ya maziwa mabichi ya mifugo. Taifa zima lilimsifu. Angeweza kukaa, akafaidi sifa. Badala yake alijifungia na makaratasi ya vifo.

Alishirikiana na William Farr, bingwa wa takwimu wa serikali, wakahesabu maiti wa vita vyote. Hesabu ilikuwa ya kutisha. Waingereza waliouawa vitani au kwa majeraha hawakufika 5,000. Waliokufa kwa maradhi walizidi 16,000. Aghalabu ya maradhi hayo yalizuilika.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya jambo moja. Wako wasemao kuwa alipokuwa Uskudar aliamini askari wanakufa kwa njaa na uchovu wa mahandakini, na kwamba ni hesabu hizi zilizomfumbua macho kuwa hospitali aliyoihudumia yeye mwenyewe ilikuwa miongoni mwa zilizoua wengi. Wengine husema aliujua ubaya wa jengo tangu siku ya kwanza. Iwe iwavyo, jambo moja ni bayana: hakuzificha takwimu za Uskudar ingawa zililiharibu lile simulizi tamu la taa. Alizichapisha.

Tena alijua kuwa mawaziri na majenerali hawasomi majedwali. Mwaka 1858 alichora duara lililokatwa vipande kumi na viwili kama keki, kila kipande mwezi mmoja. Rangi ya samawati ilikuwa ya waliokufa kwa maradhi yanayozuilika, nyekundu ya waliokufa kwa majeraha, nyeusi ya sababu nyingine. Asiyejua hesabu aliona kwa jicho moja kuwa samawati imeimeza nyekundu. Mwaka huo huo Chama cha Takwimu cha London kikamwingiza kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo.

Kambi za askari zikajengwa upya. Akageukia Bara Hindi, ambako hakuenda kamwe, akatuma maswali kwa kila kambi na kukusanya majibu. Kwa hesabu zake mwenyewe, vifo vya askari wa Kiingereza huko vilikuwa 69 kwa kila 1,000 kwa mwaka, na kufika 1873 vilishuka hadi 18. Kwanza alizungumza juu ya askari. Baadaye akatambua kuwa raia wa vijiji vya Hindi ndio wenye haja kubwa zaidi ya maji safi, akawatetea kwa miaka mingi.

SHULE NA KITABU

Waingereza walikuwa wamechanga takriban pauni 45,000 kumshukuru. Kwa fedha hizo akaanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St. Thomas, London, iliyofunguliwa katikati ya mwaka 1860. Wanafunzi walilala mahali pamoja chini ya uangalizi, walihudhuria mafunzo ya madaktari, waliandika daftari za wagonjwa, na kila mmoja alipimwa kwa kazi na kwa tabia. Wahitimu wake walitawanyika hadi Australia na Kanada. Kwetu pia ulifika uzi wa shule hiyo: Grace Ogot, mwandishi mashuhuri wa Nyanza aliyefariki mwaka 2015, kabla ya kujulikana kwa hadithi zake alikuwa muuguzi aliyesomea Uganda, akafanya kazi St. Thomas, kisha mwaka 1958 akarudi kuhudumu katika hospitali ya Maseno.

Kabla ya shule, mwaka 1859, alitoa kitabu kidogo juu ya uuguzi. Ajabu ni kwamba hakukiandikia wauguzi wa hospitali. Alikiandikia kina mama wa nyumbani, kwa hoja kwamba kila mwanamke, siku moja katika maisha yake, atabeba dhamana ya afya ya mtu: mtoto, mzee au mume. Alifundisha madirisha yafunguliwe, maji yawe safi, mgonjwa asipigiwe kelele, na juu ya yote mwuguzaji atazame na kuandika anachokiona, asikisie. Hapo aliunganisha yale mambo mawili tuliyoyataja mwanzo: kuwafundisha watu, na kudai ushahidi.

ALIPOPINGWA NA HESABU ZAKE

Lipo tukio moja ambalo, kwa maoni yetu, kila mwanafunzi wa uuguzi angesimuliwa siku ya kwanza ya masomo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 fedha za mfuko wake zilifungua wodi ya wazazi katika hospitali ya King's College, London, ili wanawake wafundishwe ukunga na kurudi kuhudumia vijiji vyao. Ilikuwa kazi aliyoipenda. Wodi ilikuwa safi kwa kipimo cha siku zile, na wakunga walikuwa wema. Lakini wazazi wakaanza kufa kwa homa ya uzazi. Mwaka 1867 wodi ikafungwa.

Wengi wetu, jambo letu likiharibika, husema ni kudura, tukaendelea na jingine. Kudura ipo, lakini aliyeamrishwa kutawakali aliamrishwa pia amfunge ngamia wake. Bibi huyu alikusanya hesabu za wazazi kutoka hospitali nyingi za Ulaya na kutoka majumbani, akalinganisha, na mwaka 1871 akachapisha kitabu. Jibu lilikuwa chungu: wakati ule, mwanamke aliyezalia hospitalini alikuwa katika hatari kubwa ya kufa kuliko maskini aliyezalia chumbani kwake. Mjini Vienna, Daktari Semmelweis alikwisha kuonyesha tangu 1847 kuwa mikono isiyooshwa ya madaktari ndiyo iliyobeba mauti, naye wenzake walimdhihaki. Hesabu za Nightingale zilielekea upande ule ule. Zilimhukumu yeye mwenyewe, mradi wake na fedha za watu waliomwamini, naye akaitia saini hukumu hiyo hadharani.

Msomaji aliyesoma chuoni atalifahamu hili kwa njia ya karibu. Wanazuoni wa Hadithi hawakupokea kila kilichosemwa, hata kama msemaji alikuwa mcha Mungu mwenye ndevu nyeupe. Waliuliza: umeyasikia kwa nani, naye kwa nani, walikutana wapi, je, hifadhi yake ilikuwa imara? Wapo wema wengi ambao riwaya zao zilikataliwa, na kukataliwa huko hakukuwa kuwavunjia heshima. Ilikuwa ni kuihifadhi dini. Basi kijana wa Nyabondo anayeuliza ushahidi wa dawa au wa desturi ya wodini hamkosei adabu mkubwa wake. Anafanya katika tiba lile ambalo wazee wetu walilifanya katika elimu iliyo tukufu zaidi.

WALIMU WA NYUMBA KWA NYUMBA

Katika uzee wake alirudia lile la kuwafundisha watu. Mwaka 1892, akiwa na miaka 72, alishirikiana na Frederick Verney, jamaa wa shemeji yake, kupeleka walimu wa afya vijijini katika jimbo la Buckinghamshire. Walikuwa wanawake waliofundishwa na daktari kwa masomo na kwa matembezi ya vijijini, wakatahiniwa, ndipo wakaajiriwa. Sharti lake kubwa lilikuwa wasiende kuhutubu. Waingie nyumbani kwa mama kwa idhini yake, waone anavyoteka maji, anavyomlisha mtoto, mahali anapomwaga taka. Wajifunze kwake kabla ya kumfundisha. Alijua kuwa karatasi iliyobandikwa ukutani haibadilishi nyumba.

Sisi wa pwani tulikuwa na wetu walioanza kufuata njia ya ushahidi zama zile zile. Kipindupindu kilipoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, Daktari James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani, aliufuata ugonjwa kwa kuuliza misafara na mabaharia ulikotokea, na mwaka 1876 akatoa kitabu juu ya njia zake katika Afrika ya Mashariki. Naye Sayyid Barghash akaleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje.

ILA ZAKE

Kumsifu mtu pasipo kutaja ila zake ni kumtengenezea sanamu. Kwa miaka mingi Nightingale alikataa kuamini kuwa maradhi huenezwa na vijidudu; aliamini ni hewa mbovu na uchafu, na alichelewa kugeuka. Alipinga wauguzi wasiandikishwe kisheria, akihofu kuwa mtihani wa karatasi hauwezi kupima moyo wa mtu; wakati ulimpita. Na Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica mwenye damu ya Kiafrika, mjuzi wa kutibu kipindupindu, aliomba kwenda Crimea na wauguzi wa serikali akakataliwa huko London. Akaenda kwa fedha zake, akafungua nyumba karibu na uwanja wa vita, akawahudumia askari. Historia ilimsahau kwa zaidi ya miaka mia.

Wala uuguzi haukuanzia Uskudar. Wanahistoria wa Kiislamu humtaja Rufaida wa kabila la Aslam, mwanamke wa Kiansari wa Madina, aliyepigiwa hema katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) na kuwauguza majeruhi, na hemani mwake ndimo alimolazwa Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki. Mwanamke Mwislamu anayevaa nguo nyeupe za uuguzi hafuati mila ya kigeni. Anarejea kwao.

ZIWANI LEO

Haya yote yanawahusuje watu wa Sondu? Yanawahusu kila siku.

Uwanda wa Nyabondo ni nchi ya matofali. Udongo huchimbwa, matofali hufyatuliwa, na mashimo hubaki. Mvua ikinyesha mashimo hujaa maji, mbu wakazaliana, malaria ikaingia nyumbani mwa yule yule aliyeuza tofali. Wataalamu wa ICIPE wamefanya kazi huko bega kwa bega na wanakijiji, kwa kuwa hakuna daktari awezaye kufukia mashimo ya watu wote. Nesi anayempa mama dawa ya malaria bila kuzungumza naye juu ya shimo lililo nyuma ya nyumba ametibu nusu ya ugonjwa.

Ushahidi wenyewe hautoki ng'ambo tu. Baina ya 1996 na 1999, katika vijiji zaidi ya 200 vya Asembo na Gem, upande wa Siaya, vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa kura, vijiji vingine mwanzo na vingine baadaye, na vifo vya watoto vikahesabiwa. Vilipungua penye vyandarua. Kutoka ufuko huo wa ziwa dunia ilipata hoja ya kugawa vyandarua Afrika nzima.

Mjini Kisumu, kati ya 2002 na 2006, vijana wa kiume 2,784 walishiriki katika uchunguzi wa kutahiri na UKIMWI. Desemba 2006 ilibainika kuwa waliotahiriwa waliambukizwa kwa kiasi cha nusu, au pungufu ya nusu, ya wenzao. Sisi tulio Waislamu hatukungoja uchunguzi huo, maana kwetu ni sunna. Lakini Mjaluo, ambaye jadi yake haikuwa na tohara, alikuwa na haki kamili ya kuuliza ushahidi kabla hajakubali, naye aliletewa. Hapa ndipo kazi ya muuguzi inapokuwa nyeti. Akimwambia kijana kuwa tohara humkinga kabisa, amemdanganya na pengine amemwua. Akimweleza kuwa hupunguza hatari wala haiiondoi, na kwamba uaminifu na kinga nyingine vingali vinahitajika, amemfundisha kweli.

Muuguzi mwema, akisha kueleza, humwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe alivyofahamu, kwa Kijaluo, kwa Kikipsigis au kwa Kiswahili. Akiona kumepindika, hunyosha. Si kumtahini mgonjwa. Ni muuguzi kujitahini mwenyewe kama amefundisha. Na kazi hiyo huchukua dakika chache, ingawa kwenye foleni ndefu ya asubuhi dakika chache ni mali. Wakubwa wa hospitali wakitaka wanafunzi wapende ushahidi, basi wawape wakati wa kusoma, wawajibu wanapouliza, na wawaonyeshe takwimu za wodi yao wenyewe, hata zile zinazotia aibu.

MWISHO WAKE

Miaka yake ya mwisho Florence Nightingale aliishi London, mara nyingi kitandani, akiandikiana barua na dunia nzima. Mwaka 1907 Mfalme Edward wa Saba alimtunuku Nishani ya Ustahili, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Serikali ilitaka azikwe Westminster pamoja na wafalme na mashujaa. Jamaa zake, kwa kuufuata wosia wake, walikataa. Alizikwa East Wellow, Hampshire, karibu na nyumba ya wazazi wake, na juu ya kaburi ziliandikwa herufi za mwanzo wa jina lake na miaka yake, basi.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, wauguzi wa ulimwengu husherehekea siku yao, na Kisumu huwa miongoni mwao. Mara nyingi huwashwa mishumaa kuikumbuka taa. Ni jambo jema. Lakini taa haikupunguza vifo vya Uskudar. Vilipunguzwa na mifereji iliyozibuliwa, na tuliyajua hayo kwa kuwa mwanamke mmoja alikubali kuhesabu maiti na kuitangaza hesabu yao. Kijana wa Nyabondo atakayeuliza kesho, kwa adabu, kwa nini jambo fulani hufanywa wodini, yeye ndiye mrithi wake. Asinyamazishwe.